Kuhama na mbwa au paka kwa ndege: anza kuhesabu siku kutoka mwisho

Wengi wanaonipigia simu kuhusu jambo hili huanza na nauli. "Mbwa analipiwa shilingi ngapi?" Mimi huwauliza kwanza: unaondoka lini, na mbwa amechanjwa lini? Wakiniambia tiketi ni ya mwezi ujao na kadi ya chanjo haionekani, najua mbwa huyo hatapanda nao ndege. Damu yake haijapimwa, na miezi mitatu ya kusubiri hainunuliki kwa bei yoyote.

Nilihama kutoka Dar es Salaam kwenda Ujerumani na mbwa wangu Tausi, mbwa wa kienyeji wa kilo 22 niliyemwokota Tabata akiwa mdogo, pamoja na paka wangu Sukari. Wote wawili walifika salama. Nimeshawasaidia jamaa kadhaa baada ya hapo, na nimeona mambo yaleyale yakiwakwamisha. Kwa hiyo hapa nitafuata njia ninayoijua vizuri, ya kutoka Afrika Mashariki kwenda Umoja wa Ulaya. Uingereza, Marekani na Ghuba nitazigusa njiani.

Amua kwanza kama anafaa kupanda ndege

Si kila mnyama anafaa, na ni bora ukweli huo uusikie ukiwa bado nyumbani.

Mbwa na paka wenye pua bapa, kama bulldog, pug, Pekingese na paka wa Kiajemi, huzaliwa na njia ya hewa iliyobana. Mbwa hujipoza kwa kuhema. Akishikwa na hofu mahali penye joto, anahema kwa nguvu zaidi, koo linavimba, na hewa inapungua pale pale anapoihitaji. Julai 2010 Wizara ya Usafirishaji ya Marekani ilitoa hesabu ya mbwa 122 waliokufa katika safari za ndege tangu Mei 2005. Kati ya wale wa aina maalumu (wasio mchanganyiko), karibu nusu walikuwa wa pua fupi, na bulldog wa Kiingereza peke yao walikuwa 25. Ndiyo sababu mashirika mengi hayawapokei kabisa sehemu ya mizigo. Ukiwa na mbwa wa namna hiyo, usitafute shirika litakalofumba macho.

Mnyama mzee sana, mwenye ugonjwa wa moyo, mwenye mimba au aliyetoka kufanyiwa upasuaji naye apimwe na daktari kabla hujafikiria tiketi. Mbwa wetu mwingine, Simba, alikuwa na miaka 13 na miguu ya nyuma ilishaanza kumgomea. Tulimwachia shangazi Morogoro, ambako alikuwa na mwembe wake wa kulalia na watu anaowajua. Niliumia, lakini kumwachia ndugu anayempenda si kumtupa.

Kalenda ndiyo inayoamua

Kichaa cha mbwa bado kipo Tanzania, Kenya, Uganda, Kongo na majirani zao. Kwa sababu hiyo Umoja wa Ulaya hauziweki nchi zetu kwenye orodha ya zile ambazo mnyama wake anaingia kwa chanjo peke yake. Kwetu kuna kipimo cha damu juu ya chanjo, na kila hatua lazima ifuate mpangilio wake.

Inaanza na chipu: kidude chenye namba ya utambulisho, cha ukubwa wa punje ya mchele, kinachoingizwa kwa sindano chini ya ngozi ya shingo au kati ya mabega. Iwe ya tarakimu 15, ya kiwango cha ISO 11784 na 11785. Mwombe daktari aisome kwa mashine ikiwa bado kwenye sindano, kisha aisome tena ikiwa ndani ya mnyama, na namba uinakili mwenyewe.

Chanjo ya kichaa cha mbwa hufuata, siku ileile au baada ya chipu. Kamwe isitangulie. Hapa ndipo nilipoumia. Daktari wangu wa mifugo alimchanja Tausi kwanza, akasema chipu zimekwisha, nirudi zikija. Nilirudi baada ya wiki kadhaa, akamwekea, nikatoka pale nimefurahi. Nilipopeleka makaratasi kukaguliwa, afisa alisoma tarehe mbili tu akanirudishia: chanjo iliyotangulia chipu haihesabiki, kwa sababu hakuna kinachothibitisha kwamba mnyama aliyechanjwa ndiye huyu mwenye chipu. Ikabidi achanjwe upya na kuhesabu kuanze sifuri. Nilipoteza wiki saba na tiketi moja. Daktari yule ni mtu mwema na mpaka leo tunasalimiana, ila tangu siku hiyo nazisoma tarehe mwenyewe kabla sijatoka kliniki.

Mnyama awe ametimiza wiki 12 ndipo achanjwe. Kisha zipite siku 30 kamili ndipo atolewe damu ya kupima kinga. Damu huzungushwa kwenye mashine ili kutenga majimaji yake ya juu, ambayo hutumwa yakiwa kwenye ubaridi kwa maabara iliyoidhinishwa na Umoja wa Ulaya. Mojawapo ni ya ANSES mjini Nancy, Ufaransa, ambayo pia ndiyo inayozipima maabara nyingine za kazi hiyo. Majibu yawe 0.5 IU kwa mililita au zaidi. Usiache miezi ipite kati ya chanjo na damu, maana kinga hushuka taratibu na unaweza kuangukia chini ya kiwango. Mnyama ambaye hajawahi kuchanjwa maishani, madaktari wengine huona ni salama kumchanja mara mbili kabla ya kipimo.

Baada ya damu kutolewa, unasubiri miezi mitatu. Inahesabiwa kuanzia siku damu ilipotolewa, si siku majibu yalipofika. Watu wengi hukosea hapa na kujiongezea mwezi mzima bure.

Tuweke tarehe ili ionekane. Chipu na chanjo zikifanyika 10 Januari, damu itolewe kuanzia 9 Februari; tuseme imetolewa tarehe 12. Miezi mitatu inatimia 12 Mei. Basi tiketi ya 14 Mei ni halali. Hiyo ni zaidi ya miezi minne, na hapo kila kitu kimekwenda sawa. Mimi humwambia kila mtu aanze miezi sita kabla. Mtoto wa paka au wa mbwa atakuwa na miezi saba hivi ndipo aruhusiwe kuingia.

Jambo jingine kuhusu chanjo: usiruhusu imalizike muda. Chanjo ya marudio ikifanyika kabla ile ya mwanzo haijaisha, kipimo cha damu kinabaki halali maisha yote ya mnyama. Ukichelewa hata siku moja, kipimo kinakufa na unaanza upya.

Cheti na mihuri

Cheti cha afya cha Umoja wa Ulaya husainiwa na daktari wa serikali, au daktari binafsi anasaini na serikali inathibitisha. Tanzania ni kazi ya Wizara ya Mifugo na Uvuvi. Kenya ni Kurugenzi ya Huduma za Mifugo pale Kabete. Kibali cha kumtoa mnyama nchini nacho kifuatilie hukohuko. Nenda ofisini mapema, mwezi mmoja au zaidi kabla, umfahamu afisa atakayesaini na uulize yupo wiki ile unayosafiri. Cheti kina siku 10 tu za kukufikisha mlango wa kuingilia Ulaya, kwa hiyo hakiwezi kuandaliwa mapema, na afisa akiwa safarini umekwama.

Cheti kiandikwe kwa Kiingereza pamoja na lugha ya nchi unayoingilia. Angalia hapo: nchi unayoingilia, si unayohamia. Ukitua Amsterdam ndipo uendelee Ujerumani, ukaguzi ni Amsterdam, basi cheti kiwe na Kiholanzi. Saini na muhuri viwe na rangi tofauti na ya maandishi yaliyochapwa. Nenda na kalamu ya wino wa bluu mfukoni. Ni kitu kidogo, lakini nimeshuhudia fomu nzuri ikirudiwa kwa sababu ya kalamu nyeusi.

Mmiliki na mnyama wasipishane zaidi ya siku tano, na wanyama wasizidi watano. Ukizidisha, mnyama anahesabiwa kama bidhaa na masharti yanakuwa mengine. Ujerumani hairuhusu kuingiza pit bull, American Staffordshire terrier, Staffordshire bull terrier na bull terrier. Na kama mbwa anakwenda Finland, Ireland, Malta au Norway, lazima apewe dawa ya minyoo tegu na daktari kati ya saa 24 na 120 kabla ya kuingia, na iandikwe kwenye cheti pamoja na saa aliyopewa.

Kabini, mzigo au kago

Mnyama mdogo anaweza kukaa nawe kabini. Mashirika kadhaa makubwa ya Ulaya yanakubali hadi kilo 8, mnyama pamoja na begi lake, akikaa chini ya kiti cha mbele yako safari nzima. Kwa paka hii ndiyo njia ninayoiamini kuliko zote. Sukari alisafiri hivyo, mkono wangu ukiwa ndani ya begi nusu ya usiku.

Mbwa mkubwa huenda chini kama mzigo unaoambatana na tiketi yako, au hutumwa kago kwa hati yake mwenyewe. Wengi huogopa sana neno "chini", kwa hiyo nieleze. Sehemu inayobeba wanyama ina mgandamizo wa hewa uleule wa kabini, na joto lake linarekebishwa. Rubani hupewa taarifa ya maandishi kwamba kuna mnyama na yuko wapi. Hatari kubwa haiko angani. Iko chini, kwenye lami, mnyama anaposubiri kupakiwa au kupakuliwa kwenye jua au baridi. Kwa hiyo panga safari ukilenga kupunguza muda huo:

Chagua ndege ya moja kwa moja ikiwezekana. Kama lazima uunganishe, iwe tiketi moja ya shirika moja, na kiwanja cha kuunganishia kiwe na sehemu maalumu ya wanyama. Schiphol inayo, na Frankfurt ina jengo zima la wanyama lililofunguliwa 2008.

Ondoka usiku. Lami ya Dar saa nane mchana mwezi wa Februari ni kaango. Miezi ya kipupwe, Juni mpaka Agosti, ni mizuri kwetu, ila Julai huko Ulaya nako kunaweza kuwa na joto kali. Mimi napenda Mei au Septemba.

Usikate tiketi kabla hujapiga simu kwenye shirika. Kila ndege ina nafasi chache za wanyama, na aina nyingine za ndege hazibebi kabisa. Uliza, weka nafasi ya mnyama, kisha ya kwako, halafu uombe uthibitisho wa maandishi. "Nimeambiwa kwa simu inawezekana" hakutakusaidia kwenye kaunta saa nne usiku.

Ukienda kago, fahamu kwamba wanapima pia nafasi ambayo kizimba kinachukua, si uzito peke yake. Zidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha ugawanye kwa 6,000. Kizimba cha 100 kwa 70 kwa 75 kinatoa kilo 87.5 za kulipia, hata kama mbwa aliyemo ana kilo 22. Jamaa wengi hupanga bajeti kwa uzito wa mbwa, na wakifika kaunta ya kago wanaishiwa nguvu.

Kizimba: chukua futi ya fundi cherehani

Mashirika mengi hufuata kanuni za kubeba wanyama hai za IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege. Mnyama aweze kusimama bila kichwa kugusa dari, ageuke, na alale amejinyoosha. Msimamishe kwenye sakafu, mtu mmoja amshike, mwingine apime. Urefu wa ndani wa kizimba ni kutoka ncha ya pua mpaka mzizi wa mkia, ukiongeza nusu ya kimo cha mguu wa mbele kutoka chini mpaka kiwiko. Upana ni upana wa mabega mara mbili. Kimo ni kutoka chini mpaka ncha ya masikio yakiwa yamesimama, ukiongeza unene wa godoro. Tausi alikuwa na 78 pua hadi mkia na kiwiko cha 36, kwa hiyo urefu ukawa 96. Masikio yake yanasimama kama ya mbweha na yalinilazimisha kununua kizimba kikubwa zaidi. Wa pua bapa anaongezewa asilimia 10.

Tundu za hewa ziwepo pande zote nne. Nusu ya juu na nusu ya chini zifungwe kwa bolti na nati za chuma, kwa sababu vibanio vya plastiki hufyatuka. Magurudumu yatolewe. Mlango uwe wa nondo na kitasa cha chuma, na vyombo viwili, cha maji na cha chakula, vining'inie mlangoni ili mtu aweze kuvijaza bila kufungua.

Vizimba vya dukani vya mbwa wakubwa ni vigumu kupatikana huku kwetu. Fundi seremala mzuri, kwa mfano wale wa Keko jijini Dar es Salaam, anaweza kukutengenezea kimoja ukimpa mchoro wenye vipimo. Lakini mwambie atumie plaiwudi. Ubao mtupu unaoingia Ulaya lazima uwe umetibiwa (kwa kawaida kwa joto) ili kuua wadudu na kupigwa muhuri wa ISPM 15, kiwango cha kimataifa cha vifungashio vya mbao, na plaiwudi haidaiwi muhuri huo. Vipande vya ubao vya fremu navyo vinahesabika, kwa hiyo avitafute vyenye muhuri au fremu iwe ya plaiwudi nene. Ndani asiache msumari wala kona yenye ncha. Pitisha kiganja chako kila mahali huku umefumba macho. Kikikwaruzwa, na yeye atakwaruzwa.

Kumzoesha ndiko usalama wenyewe

Kama kuna sehemu moja ya mwongozo huu ningependa isomwe mara mbili, ni hii. Wanyama wengi wanaoumia safarini huumia kwa hofu: wanatafuna nondo mpaka meno yanavunjika, wanang'oa kucha, au wanahema mpaka joto la mwili linapanda kupita kiasi. Mnyama anayekiona kizimba kama chumba chake hulala.

Tulipata kizimba miezi mitatu kabla. Niliutoa mlango, nikakiweka sebuleni kwenye kona aliyoizoea Tausi, na ndani nikatandika khanga yangu ambayo haijafuliwa. Sikumwita. Siku mbili alikizunguka akinusa, masikio nyuma. Siku ya tatu niliweka bakuli la ubwabwa na dagaa kwenye kizingiti, miguu yake ya nyuma ikabaki nje, tayari kukimbia. Kila jioni nilisogeza bakuli kiasi cha upana wa kiganja. Wiki ya pili alikula akiwa ndani kabisa na, baada ya kula, akajilaza pale pale akatoa ile pumzi ndefu ya mbwa anayeridhika. Hapo ndipo niliporudisha mlango.

Mlango ulifungwa kwanza kwa muda wa kula tu. Kisha dakika tano baada ya kula. Kisha nusu saa nikiwa nimekaa pembeni, baadaye nikiwa jikoni, baadaye nikiwa nimetoka nje. Akilia, sikumfungulia wakati analia, ila pia sikumwacha mpaka akachanganyikiwa. Nilijua nimeruka hatua, kesho yake nikarudi nyuma. Mwezi wa tatu alikuwa analala humo usiku mzima kwa hiari yake.

Halafu tukakipandisha, Tausi akiwa ndani, kwenye kirikuu, kigari kidogo cha mizigo. Jirani alitukubalia, tukazunguka naye polepole mpaka Kipawa, karibu na uwanja wa ndege, tukaegesha mahali ndege zinapopita chini zikienda kutua. Ndege ya kwanza ilimfanya asimame. Ya tano alinyanyua jicho moja. Tulirudi hivyo Jumapili tatu mfululizo. Sidhani kama kuna shilingi niliyotumia vizuri zaidi ya hiyo ya mafuta ya kirikuu.

Kwa paka acha begi wazi ndani ya nyumba, weka juu ya kabati kama anapenda juu, na umfundishe kuvaa mkanda wa kifuani. Uwanjani watataka atolewe ili begi lipite kwenye mashine, na paka asiye na mkanda akikurupuka katikati ya watu hashikiki. Omba chumba cha pembeni cha ukaguzi. Maofisa wengi hukubali ukiomba kwa upole.

Dawa ya usingizi: hapana

Utasikia watu wakisema, "mpe tu kidonge alale." Usimpe. Dawa za kutuliza hushusha shinikizo la damu, hupunguza uwezo wa mwili kurekebisha joto, na humfanya mnyama ashindwe kujizuia kizimba kinapoyumba. Amelegea peke yake kule chini, hakuna anayemwangalia. Madaktari wa wanyama na mashirika ya ndege wanakataza, na mengi hayampokei mnyama aliyeleweshwa. Kama ni mwoga kupita kiasi, ongea na daktari wiki nyingi kabla, si siku ya safari.

Jihadhari na matapeli

Wapo mawakala wa kweli wa kusafirisha wanyama, na kwa mtu anayetuma kago wanasaidia sana. Wapo pia wanaoishi kwa machozi ya wengine. Utapeli huenda hivi: unalipa, kisha siku ya safari unaambiwa uwanja unadai "kizimba chenye kiyoyozi", baadaye "bima ya kurudishiwa", kila mara pesa itumwe haraka. Wakala wa kweli anakupa namba ya hati ya kago, nawe unaipeleka mwenyewe kwenye shirika la ndege na kuithibitisha. Angalia pia kama yumo kwenye orodha ya wanachama wa IPATA, chama cha kimataifa cha wasafirishaji wa wanyama. Ithibitishe kwenye orodha ya chama chenyewe. Nembo iliyobandikwa kwenye tangazo lake isikutoshe.

Kama huendi Umoja wa Ulaya

Uingereza nayo inadai kipimo cha damu na miezi mitatu, na mbwa wake lazima wapewe dawa ya minyoo tegu ndani ya saa zilezile 24 hadi 120. Lakini hairuhusu mnyama kuingia kwa ndege akiwa kabini wala kama mzigo wako: ni kago tu, isipokuwa mbwa wa kuwasaidia walemavu. Jamaa wengine hutua Ufaransa au Uholanzi na kumalizia safari kwa gari na feri.

Marekani ilibadili kanuni zake za mbwa 1 Agosti 2024. Mbwa awe na miezi sita au zaidi, awe na chipu, na fomu ya CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, ijazwe kabla ya safari. Anayetoka nchi zenye hatari kubwa ya kichaa cha mbwa, zikiwemo zetu, na aliyechanjwa nje ya Marekani, anahitaji pia fomu ya chanjo iliyothibitishwa na daktari wa serikali na nafasi iliyowekwa mapema kwenye kituo kilichosajiliwa na CDC, tena atue kwenye uwanja wenye kituo hicho. Asipokuwa na kipimo cha damu kinachokubalika, hukaa karantini siku 28. Paka hawaguswi na kanuni hiyo.

Kwenda Falme za Kiarabu au Oman, anza na kibali cha kuingiza mnyama kabla ya jambo jingine lolote. Kule Falme za Kiarabu hutolewa na Wizara ya Mabadiliko ya Tabianchi na Mazingira.

Kuhusu kasuku wa kijivu, ambaye nyumba nyingi za Kongo na Uganda zinamfuga: tangu Januari 2017 yuko kwenye Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini kutoweka. Bila vibali vya CITES vya nchi anayotoka na anayokwenda, atataifishwa. Usimfiche kwenye begi. Ndege wengi waliofichwa hivyo hufika wamekufa.

Siku ya kuondoka

Mlo wa mwisho uwe mdogo, muda wa saa nne au tano kabla ya kumkabidhi. Maji yasikatizwe. Usiku uliotangulia, jaza chombo cha mlangoni maji na ukigandishe kwenye friji. Barafu haimwagiki wakati wa kupakia, na huyeyuka kidogo kidogo. Mtembeze kwa muda mrefu, ajisaidie, achoke. Tandika vitambaa vinavyofyonza na juu yake ile khanga.

Juu ya kizimba bandika jina lake, picha yake, namba zako za simu za kote mnakotoka na mnakokwenda, namba ya ndege, na lebo za kuonyesha kuna mnyama hai. Nakala za makaratasi ziwe kwenye bahasha ya plastiki iliyobandikwa. Halisi zikae mkononi mwako. Usimwachie mnyororo shingoni ndani ya kizimba. Chukua vibanio vya plastiki vya kufungia nyaya, dazeni moja: baada ya ukaguzi, ambapo mbwa hutolewa ili kizimba kipite kwenye mashine, fungia navyo kona za mlango. Usiweke kufuli, maana lazima aweze kufunguliwa kwa dharura.

Fika uwanjani muda wa saa nne kabla ya ndege kuondoka. Pale Jengo la Tatu la uwanja wa Julius Nyerere, nilimwomba mfanyakazi wa kwenye lango la ndege aulize kwa redio kama Tausi amepakiwa. Alirudi akaniambia, "Dada, yupo, amelala." Kisha nikiwa kwenye kiti nilimwomba mhudumu amkumbushe rubani kwamba kuna mbwa chini. Uliza bila aibu. Wao wamezoea, na swali lako linamfanya mtu aangalie tena.

Ukishatua

Pita njia nyekundu ya forodha, ambayo ni ya watu wenye kitu cha kutangaza, hata kama hakuna anayekuuliza. Watasoma chipu, watalinganisha namba na cheti, watatazama majibu ya damu. Makaratasi yakiwa na kasoro, mnyama anaweza kurudishwa alikotoka, kuwekwa karantini, au hata kuuawa iwapo hakuna njia nyingine, na gharama ni zako. Kwa hiyo ukaguzi wa namba zile 15 ufanye wewe kwanza, kidole kwenye kila tarakimu, kabla hujaondoka nyumbani.

Kisha, tafadhali sana, usifungue kizimba nje. Huyu ni mbwa aliyekaa gizani kwa muda wa saa kumi, mahali pasipo na harufu hata moja anayoijua. Mlango ukifunguliwa kwenye maegesho ya magari anaruka na kukimbia, na hajui pa kurudi. Ingia naye kwenye chumba kilichofungwa au ndani ya gari lililofungwa, mvishe mkanda wa kifuani pamoja na ukosi, kila kimoja na kamba yake, ndipo mtoke. Tausi nilimtembeza kwa kamba mbili wiki tatu nzima. Siku ya kwanza alisimama kwenye nyasi zenye umande, akanyanyua mguu mmoja baada ya mwingine, akanitazama.

Mpe maji kwanza, chakula kidogo baadaye. Paka mfungie chumba kimoja chenye mchanga wake, maji na begi lake likiwa wazi, mpaka atoke mwenyewe. Sukari alikaa nyuma ya mashine ya kufulia siku nne. Mbwa aandikishwe kwenye ofisi ya mji, maana Ujerumani mbwa analipiwa kodi. Halafu mpeleke kwa daktari wa hapo akamtolee pasipoti ya wanyama ya Umoja wa Ulaya, na siku hiyohiyo uandike kwenye kalenda ya ukutani tarehe ya chanjo inayofuata.